Mshale wa geji ukipanda wenyewe: kuielewa rigeleta ya kompresa ya nyumbani

Kijana wa jirani yangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, hubeba madumu ya mawese kwa baiskeli. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekatika punde, alinikuta uani nikijiandaa kupulizia vanishi milango miwili. "Shikamoo baba mdogo. Naomba upepo wa tairi la nyuma, mzigo wa leo ni mzito." Nikaweka rigeleta ya kompresa, kile kifaa chenye nobu kinachopunguza presha ya upepo wa tangi, kwenye psi 45, nikabana kichwa cha mpira wa upepo kwenye valvu ya tairi, mara simu ikaita ndani. Mazungumzo yakawa marefu. Natoka tu mlangoni nikamsikia: "Baba mdogo, mshale unapanda wenyewe!" Nikakimbilia. Tairi likapasuka.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Masikio yalimvuma mpaka mchana, na tairi pamoja na tyubu vikawa vimekwisha. Mawese ya siku hiyo hayakwenda popote. Nilimlipa tairi, na ilikuwa haki yake, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kwa wiki kama mbili nilikuwa naiona geji ya kutolea, ile inayoonyesha presha ya upepo unaokwenda kwenye mpira, ikisogea taratibu kila nikiacha kupuliza, nikawa nairudisha kwa mkono na kuendelea na kazi. Najua wenye kompresa wengi wanaoishi hivyo hivyo. Nobu inageuzwa kila dakika tano, rigeleta inaitwa "korofi", na hakuna anayeuliza ukorofi huo unatoka wapi.

Ukorofi wake una sababu, na sababu zenyewe ni chache. Shida ni kwamba dalili moja huweza kuzaa lawama kwa kifaa kisichohusika. Kwa hiyo tuanze kwa kutenganisha vifaa.

Kompresa ya nyumbani, ile ya tangi la lita 24 au 50, ina wasimamizi watatu wa upepo. Wa kwanza ni swichi ya presha, kile kiboksi kinachopitisha waya wa umeme. Hiyo huizima mota tangi likijaa, kwa kompresa nyingi ndogo ni kwenye bar 8 hivi, yaani psi 115 au zaidi kidogo, kisha huiwasha upepo ukishuka karibu na bar 6. (Bar na psi zote ni vipimo vya presha, na bar moja ni psi 14.5; geji nyingi zimeandikwa vipimo vyote viwili na watu hujichanganya hapo.) Wa pili ni valvu ya usalama, yenye kipete cha kuvutia, ambayo hufunguka yenyewe swichi ikishindwa kuzima. Wa tatu ndiyo rigeleta: yenye nobu ya kuzungusha, iliyokaa kati ya tangi na mpira wako.

Rigeleta haijui habari za mota. Mota ikikataa kuwaka, au ikiendelea kunguruma tangi likiwa limejaa, chomoa waya wa umeme na uitazame swichi. Upepo ukivuja kwenye kijibomba chembamba cha swichi muda mrefu baada ya mota kuzima, mtuhumiwa ni valvu inayozuia hewa ya tangi isirudi kwenye pistoni. Nimeshuhudia mtu akinunua rigeleta mpya kwa tatizo la namna hiyo, akaifunga vizuri kabisa, na sauti ya kuvuja ikaendelea palepale.

Sasa tuingie ndani ya rigeleta. Juu, chini ya nobu, kuna springi nene. Springi hiyo inakandamiza kiwambo, kipande cha mpira cha duara kilichobanwa pembeni pande zote kama ngozi ya ngoma. Rigeleta nyingine zina kipistoni chenye oringi, yaani pete ya mpira, badala ya kiwambo, lakini kazi ni ileile. Chini ya kiwambo kuna kijiti kidogo, na chini ya kijiti kuna kizibo cha mpira kinachoziba mdomo wa njia inayotoka kwenye tangi. Kizibo nacho kina springi yake nyembamba inayokisukuma kwenda juu, kikae kimefunga.

Ukizungusha nobu kwenda kulia, springi nene inabonyea, inasukuma kiwambo chini, kijiti kinakisukuma kizibo, mdomo unafunguka na upepo wa tangi unapita. Upepo huo ukishajaa upande wa mpira, unarudi kukisukuma kiwambo juu. Nguvu ya upepo ikilingana na ya springi, kiwambo kinapanda, kizibo kinafunga. Ukibonyeza bunduki ya rangi, upepo upande wa mpira unapungua, springi inashinda tena, kizibo kinafunguka kidogo. Mchezo mzima ndio huo: springi juu, upepo chini, kiwambo katikati kikiamua. Unapoweka 45 hujafunga geti kwenye 45. Umeipa springi nguvu ya kushindana na upepo wa 45.

Kuna jambo moja zaidi ambalo bila kulijua utapotea njia. Rigeleta nyingi zina tundu dogo katikati ya kiwambo, linalozibwa na ncha ya kile kijiti. Upande wa mpira ukizidiwa na upepo kuliko ulivyoweka, kiwambo kinainuka na kuiacha ncha ya kijiti, na upepo wa ziada unatoka kupitia tundu hilo mpaka nje, kwenye kijitundu kilicho ubavuni mwa kifuniko cha springi. Ndiyo maana ukipunguza nobu unasikia "fsss" fupi kisha kimya. Hiyo si kasoro, ni rigeleta inapumua. Nyingine hazina tundu hilo. Hizo ukipunguza nobu geji haishuki mpaka ubonyeze bunduki na kutoa upepo, na mtu asiyejua huamini imekwama.

Tairi la yule kijana lilipasuka kwa sababu kizibo hakikuwa kinafunga. Kiwambo kilipanda kama kinavyotakiwa, kizibo kikafuata, lakini palibaki upenyo mdogo. Upepo wa tangi ukaendelea kupenya taratibu. Ukiwa unapuliza rangi huuoni ugonjwa huu, maana bunduki inakunywa upepo kuliko unaopenya. Ukiacha kupuliza, mshale unaanza kupanda: 45, 50, 60, na usipoguswa unafika ulipo wa tangi. Tairi la baiskeli halina mahali pa kuupeleka upepo wa psi 110.

Kukipima kipengele hiki hakuhitaji fundi. Jaza tangi, chomoa umeme, toa mpira ili kapla, kiungio cha kuchomekea mpira, ijifunge yenyewe, weka rigeleta kwenye 40. Chukua kalamu ya wino mzito, weka alama kwenye kioo cha geji palepale mshale uliposimama. Kaa dakika 15. Mshale ukiondoka kwenye alama kwenda juu, kizibo au mdomo wake una tatizo. Mimi nilipofanya hivyo jioni ya siku ile, hata dakika moja haikuisha.

Lakini kwa rigeleta inayopumua, ugonjwa huohuo unaweza kuja na sura nyingine: mshale haupandi sana, ila kijitundu cha kifuniko kinavuja bila kukoma, kwa sababu upepo unaopenya kwenye kizibo unatolewa nje papo hapo. Hapo wengi husema "kiwambo kimepasuka". Huenda, huenda siyo. Kiwambo kilichopasuka nacho huvujisha palepale. Utawatenganisha hivi: legeza nobu yote mpaka iwe haina nguvu, kisha toa upepo uliobaki upande wa mpira na usikilize. Sauti ikiendelea, upepo unatoka tangini ukipita kizibo, maana springi nene haikisukumi tena na kilitakiwa kiwe kimefunga. Sauti ikikatika nobu ikiwa imelegea na kurudi kila unapoikaza, kizibo ni kizima. Kiwambo ndicho kina ufa, au tundu lake la katikati lina uchafu. Jaribio hili ni la dakika moja, na kwangu mimi ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linakuambia ununue nini kabla hujafungua kitu.

Tatizo la upande wa pili ni upepo kuwa mdogo. Unaweka 40, unabonyeza bunduki, vanishi inatoka kwa matone badala ya ukungu. Hapa rigeleta husingiziwa sana. Bonyeza bunduki kwa sekunde 10 hivi huku mtu mwingine akitazama geji zote mbili, ya tangi na ya kutolea. Ya tangi ikiporomoka haraka pamoja na ya kutolea, kompresa yako ni ndogo kwa bunduki hiyo. Hakuna rigeleta itakayoongeza upepo ambao haupo. Ya tangi ikibaki juu na ya kutolea ikianguka kutoka 40 mpaka 15, njia imeziba hapo katikati: kichujio kimejaa uchafu, au kizibo kimekwama kwa kutu na hakifunguki vya kutosha. Na zote mbili zikibaki juu wakati bunduki inakohoa, acha rigeleta kwa amani. Tafuta kwenye mpira mwembamba uliojikunja, kwenye kapla, au kwenye pua ya bunduki yenye vanishi iliyokauka.

Kushuka kidogo, tuseme kutoka 40 mpaka 35, ni kawaida. Rigeleta haiwezi kupitisha upepo bila kizibo kufunguka, na hakifunguki mpaka upepo upungue. Kwa hiyo kwa kazi ya kupulizia weka kipimo ukiwa umebonyeza bunduki upepo ukitiririka, siyo ikiwa imetulia. Na ukitaka kushusha, teremka chini ya kipimo unachotaka kisha panda hadi ukifikie; springi na kiwambo hutulia vizuri zaidi vikifikiwa kutoka chini.

Geji nazo hudanganya. Ukishamwaga upepo wote, mishale yote miwili inapaswa kulala kwenye sifuri. Uliogoma kwenye 10 utakuongezea 10 kila siku. Kabla ya kuilaumu rigeleta, linganisha na geji ya tairi ya fundi pancha unayemwamini.

Na nobu isipozunguka usiilazimishe. Nyingi huvutwa juu kwanza ndipo zizunguke, na husukumwa chini kujifunga.

Baada ya kujua kizibo changu ndicho kibovu, niliifungua. Hapa naomba msomaji anisikilize. Chomoa umeme. Fungua koki ya chini ya tangi mpaka upepo wote uishe na mishale yote miwili iwe sifuri. Halafu legeza nobu kabisa mpaka springi ikose nguvu. Ndipo ufungue kifuniko. Kiwambo cha upana wa sentimita 4 tu, kikiwa na bar 8 chini yake, kinasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 100. Ni gunia la mahindi linalosubiri kukurukia usoni. Hakuna haraka ya kazi inayostahili hatari hiyo.

Piga picha kwa simu kila kipande kabla hujakitoa, kisha vipange juu ya kitambaa cheupe kwa mfuatano wake. Springi ya kizibo ni ndogo na hupenda kuruka majanini. Nilipokitoa kizibo nikakipeleka mwangani. Uso wake wa mpira ulikuwa na mfereji wa duara, ulioachwa na ule mdomo kwa miaka ya kukandamizwa, na ndani ya mfereji huo kulikuwa na chembe moja ya kutu, nyekundu, ndogo kuliko punje ya chumvi. Niliigusa kwa ukucha ikabanduka. Chembe hiyo ndiyo iliyopasua tairi.

Ilitoka ndani ya tangi langu mwenyewe. Tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tunavuta hewa yenye unyevu mwingi, hasa kuanzia Novemba hadi Aprili. Tangi la lita 50 likijaa mpaka bar 8 limemeza karibu lita 450 za hewa ya nje. Siku ya joto ya mvua, hewa hiyo imebeba gramu 9 au 10 za maji. Ikikandamizwa na kupoa haiwezi tena kuyabeba, na mengi hudondoka chini ya tangi: karibu vijiko viwili vya chai kwa kujaza mara moja tangu tupu. Yasipomwagwa hula chuma, na kutu iliyobanduka husafiri na upepo mpaka inakutana na kizuizi cha kwanza, ambacho ni kizibo cha rigeleta. Nilipofungua koki yangu siku ile yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimeifungua lini. Sasa naifungua kila jioni ya siku niliyofanya kazi, tangi likiwa na upepo kidogo tu wa kuyasukuma maji nje.

Kusafisha ni kwa maji vuguvugu na sabuni, kitambaa laini, na kukausha vizuri. Usitumie thina wala petroli. Mpira huvimba na hautarudi saizi yake. Mdomo wa chuma ukaguliwe kwa kidole: ukihisi mkwaruzo, rigeleta hiyo imekwisha, usihangaike nayo kwa msasa. Kiwambo kikunje taratibu ukikielekeza kwenye jua, ufa utauona. Oringi ipakwe grisi ya silikoni kidogo sana. Nimewahi kufungua rigeleta iliyopakwa mawese, na mwenyewe alikuwa na nia njema kabisa. Lakini mawese huganda kukiwa na baridi na hugeuka gundi yakikaa. Kizibo kilikuwa kimenasa kama nzi kwenye asali.

Kizibo chenye mfereji mkubwa hakiponi kwa kusafishwa. Rigeleta nyingine zina vipuri vyake, kiwambo na kizibo pamoja. Nyingi za bei ndogo hazina, na nyingine zimebanwa kiwandani hazifunguki. Hizo ni za kubadilisha. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, mlinganishe nyuzi, maana nyingi ni za robo inchi lakini nyuzi za robo inchi haziko za aina moja. Tazama mshale uliochongwa kwenye bodi: unaelekea upepo unakokwenda. Ukiifunga kinyume haitasikia nobu.

Wakati wa kufunga, tepu nyeupe ya mabomba izungushwe kufuata nyuzi, na uzi wa kwanza kabisa uachwe wazi. Vipande vya tepu vikiingia ndani hufanya kazi ileile iliyofanywa na chembe yangu ya kutu. Rigeleta mpya inayopandisha mshale siku ileile uliyoifunga mara nyingi imemezeshwa tepu. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye kila maungio, uangalie wapi panapiga mapovu.

Yapo mambo mawili ambayo sitaki yafanyike nyumbani kwa mtu yeyote. La kwanza, kuziba kijitundu cha kifuniko kwa gundi ili kisivuje. Umeiziba pua ya rigeleta, na upepo uliokuwa unatokea hapo sasa utakwenda kwenye mpira na kwenye kilichofungwa mbele yake. La pili, kuichukulia rigeleta kama ndiyo usalama wako. Ikishindwa, upepo wote wa tangi unakuja mkononi mwako. Valvu ya usalama inalinda tangi, haikulindi wewe uliyeshika bunduki, wala mtoto anayejaziwa mpira wa miguu. Vuta kipete chake mara kwa mara uone kwamba inapuliza na kufunga, na usiache kamwe kitu kikijazwa upepo bila mtu kusimama na kutazama geji.

Yangu nilibadilisha kizibo na springi yake. Jioni nikaweka 40, nikachora alama ya wino kwenye kioo cha geji, nikalala. Asubuhi yule kijana alipita na baiskeli yake, tairi jipya nyuma. Hakuomba upepo. Aliinama kwanza kwenye geji, akaweka kidole kwenye kioo, akafuatisha alama ya wino. Mshale ulikuwa palepale.

"Sasa naomba, baba mdogo," akasema. Nikashika mpira mimi mwenyewe, na simu nikaiacha ndani.